Mwambie Mama Saa Zako za Darasa

Binamu yangu amejiunga na Chuo Kikuu Huria cha Kenya, kile kilichopewa hati Agosti 2023 na chenye makao yake Konza. Masomo yote ni ya mtandaoni. Ana mtoto wa miezi minane, ana kibanda cha mboga, na ana simu moja. Wiki jana alinipigia kuniuliza bando gani ni nafuu na kompyuta ya mtumba ataipata wapi. Hayo nilimjibu kwa dakika tano. Kisha tukakaa karibu saa nzima tukizungumza mambo ambayo hakuwa ameyauliza, na ndiyo ninayoyaandika hapa, maana najua wengi mko katika hali yake.

Mimi nilisomea nyumbani kwa kulazimika. Machi 2020 nilikuwa mwaka wa pili, kozi ya ualimu, Kiswahili na Historia. Mgonjwa wa kwanza wa korona nchini alitangazwa tarehe 13, tarehe 15 ikatoka amri ya kufunga shule, na sisi wa vyuo vikuu tukapewa hadi tarehe 20 tuwe tumeondoka. Nilipanda basi la Mombasa na begi moja la nguo. Vitabu niliviacha chumbani kwa kudhani tungerudi baada ya wiki tatu. Aprili ilipofika, Kilifi, Kwale na Mombasa zikafungwa, haingii mtu wala hatoki, na kafyu, iliyoanza mwishoni mwa Machi, ilikuwa saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri. Vitabu viko Nairobi, mimi niko Kaloleni, huko Kilifi, katika nyumba ya vyumba vitatu yenye watu wanane. Hapo ndipo chuo kilipotutumia ujumbe kwamba masomo yataendelea kwa mtandao.

Nilichokiogopa ni mtandao na bei ya bando. Vilinisumbua kweli, nitavigusia. Lakini kilichokaribia kunishinda ni kitu kingine. Chuoni, mtu akikukuta maktabani umeinamia daftari anajua unasoma, hakusemeshi. Ukichelewa darasani wenzako wanaona kiti chako kitupu. Ukiwa mgonjwa, mwenzako wa chumbani anakuona kitandani. Nyumbani dalili zote hizo hazipo. Usiposema mwenyewe kwa mdomo wako, hakuna anayejua kwamba unasoma, na hakuna anayejua kwamba umekwama.

Mama yangu hushona makuti. Mwaka ule hoteli nyingi za Watamu na Malindi zilifunga milango, bei ikaanguka, na ilibidi ashone mengi zaidi ili apate unga ule ule. Alihitaji mikono. Na kila akiinua macho, alimwona mwanawe mkubwa amekaa chini ya mwembe na simu mkononi, asubuhi hadi adhuhuri. Kwake yeye simu ni ya kutuma pesa na kupokea habari za matanga. Siku moja akaniambia, “Simu hiyo haitasonga sima.” Nilikasirika. Nikanyamaza siku mbili, nikajiona mimi ndiye ninayeonewa. Leo naona mama hakuwa na kosa. Sikuwa nimemwambia darasa ni saa ngapi, nafundishwa nini, wala kwamba kuna mtihani mwisho wake. Nilitarajia ajue tu.

Kilichotupatanisha kilitokea bila kupangwa. Mhadhiri wetu wa Fasihi Simulizi alikuwa akifundisha vitendawili, akasema, “Kitendawili!” Darasa zima kimya, watu wamezima vipaza sauti kuokoa bando. Changu kilikuwa wazi bila mimi kujua. Nyuma yangu, kutoka kwenye rundo la makuti, mama akaitika, “Tega!” Mhadhiri akatega, “Nyumba yangu haina mlango.” Mama akajibu, “Yai!” Mhadhiri akacheka kwa furaha, akauliza ni nani huyo, akamwamkia, akamwomba vitendawili vya Kigiriama. Mama akatoa viwili. Kuanzia siku hiyo akawa ananiuliza kila asubuhi, “Mwalimu wenu leo ni saa ngapi?” Na watoto wakipiga kelele ni yeye aliyewanyamazisha.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza, kabla hujanunua chochote: kaa na watu wa nyumbani uwaambie. Usiwaambie kwa jumla kwamba “nasoma mtandaoni.” Waambie siku, saa, na jina la somo. Mkaribishe mama, baba au mume asikilize kipindi kimoja, hata robo saa. Na wewe uwe wa kwanza kutoa. Tulikubaliana na mama kwamba nitashona makuti kuanzia alfajiri hadi saa tatu, kisha saa tatu hadi saa sita ni zangu. Niliandika kwa chaki kwenye mlango wa jikoni. Saa tatu ilipofika, mara nyingi yeye ndiye aliyenifukuza kwenye makuti.

Ikiwa kuna mwanafunzi mwingine nyumbani, mpangie naye. Mdogo wangu wa darasa la saba alikuwa akifuata vipindi vya masomo redioni, vile vilivyotayarishwa na KICD, taasisi ya mitaala ya shule, na kurushwa na KBC, shirika la utangazaji la taifa, na redio yenyewe ilikuwa sebuleni. Tuligombana wiki nzima kabla ya kukumbuka kuweka ratiba zetu mbili kando kwa kando. Vilivyogongana vilikuwa vipindi viwili tu kwa wiki! Mimi nikahamia kwa jirani saa hizo.

Sasa kazi ya kikundi, na hapa nataka unisikilize kwa makini.

Tulikuwa watano. Mmoja Kisumu, mmoja Nandi, mmoja Garissa, mmoja Kitui, na mimi Kaloleni. Kazi ilikuwa kukusanya vitendawili na mafumbo ya jamii zetu, kuvilinganisha, na kuandika ripoti moja. Kwa kweli ni kazi iliyotufaa zaidi tukiwa nyumbani kuliko chuoni, kwa sababu kila mtu alikuwa karibu na nyanya yake. Nilichaguliwa kiongozi. Tuligawana sehemu kwenye WhatsApp, na siku ya kuwasilisha ilikuwa Ijumaa usiku.

Mwenzetu wa Kitui alinyamaza kuanzia Jumanne. Tuliandika kwenye kikundi, hakusoma. Alhamisi tukamwandikia tena. Ijumaa jioni tulikuwa na hasira. Mmoja akasema kuna watu wanaopenda kubebwa, na sisi wengine tukakubali. Saa tano usiku nilifuta jina lake kwenye jalada la ripoti, nikaituma. Nilifuta mimi, kwa kidole changu, na wakati ule niliona ni haki.

Baada ya siku tisa nikapigiwa simu na nambari nisiyoijua. Alikuwa yeye, kwa simu ya jirani. Simu yake ilikuwa imewekwa rehani dukani kwa unga na mafuta ya kupikia. Kibarua cha baba yake kilikuwa kimekwisha tangu amri za korona zianze. Sehemu yake alikuwa ameiandika yote kwa mkono, kurasa kumi na moja za daftari, vitendawili vya Kikamba vyenye maelezo ya nyanya yake, vingi ambavyo mimi sikuwahi kuviona popote. Alikuwa akisubiri simu ikombolewe apige picha kurasa azitume. Hakunilaumu. Aliuliza tu kama bado tunaweza kuzipokea.

Nilimwandikia mhadhiri usiku ule ule, nikaeleza kilichotokea na kwamba aliyefuta jina ni mimi. Alizipokea kurasa zile na kumpa mwenzetu alama zake. Lakini siku tisa za mtu kukaa akidhani amepoteza somo, na siku tisa za wenzake wanne kumwita mvivu, hizo hazikurudishwa na alama.

Tukaweka masharti mapya katika kikundi, na ninakusihi uyaweke siku ya kwanza, watu wakiwa bado wanapendana. Kila mwanakikundi atoe nambari ya pili, ya mzazi, jirani au mwenye duka, inayopatikana kwa simu ya kawaida isiyohitaji intaneti. Mtu akinyamaza siku mbili, kiongozi ampigie. Asiishie kuandika kwenye kikundi, maana kumwandikia kwenye WhatsApp mtu asiye na bando ni sawa na kumwita akiwa ng'ambo ya mto. Jina halifutwi kabla ya simu hiyo. Na wewe unayejua kwamba utapotea, sema mapema hata kama hutaki kutoa sababu. “Sitakuwepo hadi Jumatatu” inatosha. Kama huna hata salio, ule ujumbe wa bure wa kuomba upigiwe upo kwa sababu hiyo. Utumie bila aibu.

Jambo la pili tulilojifunza ni kuacha kulazimisha mikutano. Mwanzoni tulitaka wote watano tuonane kwenye Zoom, ambayo bila malipo hukata mkutano ukifika dakika arobaini. Dakika ishirini zilikuwa zikienda kwa “mnanisikia?” na kusubiri aliyepotea arudi. Kisha Ramadhani ikaingia, na mwenzetu wa Garissa akatuambia kwamba anaamka daku, na baada ya hapo nyumba imetulia na mtandao ni mwepesi. Akaanza kuandika saa kumi alfajiri. Mimi nikifika chini ya mwembe saa tatu nakuta kazi yake, naisoma, naongeza yangu. Wa Nandi alikamua ng'ombe kwanza, akaingia mchana. Wa Kisumu jioni. Kazi ikawa kama ngoma inayopokezanwa, na ilikwenda mbali zaidi kuliko mikutano yote ile. Kila anayemaliza alituma ujumbe wa sauti wa dakika moja: nimefika hapa, nimekwama pale, anayefuata aangalie hiki. Ukitaka kuchukua kitu kimoja tu katika makala hii kuhusu kufanya kazi kwa umbali, chukua huo ujumbe wa dakika moja.

Mkutano wa wote tuliubakiza kwa mambo mawili, kugawana kazi mwanzoni na kusoma ripoti nzima pamoja mwishoni. Dakika arobaini zilitosha kabisa.

Kwenye hati ya pamoja ya Google, sharti letu lilikuwa moja: usifute sentensi ya mwenzako bila kumwambia. Andika maoni pembeni. Mtu akikaa ana kwa ana nawe anaona uso wako unapokosoa kazi yake. Kwenye hati anakuta tu aya yake haipo, na hilo huumiza kuliko unavyodhani.

Kuhusu bando, kwa ufupi. Zima upakuaji wa video na picha unaojifanya wenyewe kwenye WhatsApp, humo ndimo bando langu la kwanza lilimoishia. Fuata darasa kwa sauti, zima kamera, na mweleze mhadhiri mapema kwamba si dharau. Katika kila kundi kuna mmoja mwenye mtandao mzuri. Huyo awe mwandishi wa darasa, apige picha za ubao au aandike muhtasari na kuutuma kama maandishi matupu, kwa kuwa maandishi hupita hata mahali ambapo video haipiti. Mumchangie bando. Sisi tulimtumia shilingi ishirini ishirini kila wiki. Na siku ya mtihani usitegemee stima. Jaza chaji usiku uliotangulia, na uwe na nyumba ya pili uliyokwisha kuomba ruhusa.

Kuna upweke pia, na huu sikuutarajia nyumbani kwa watu wanane. Hakuna aliyekuwa akisoma nilichosoma. Hakuna wa kumwambia “hii mada ni ngumu” akaelewa. Mwenzangu wa Kisumu alikuwa hivyo hivyo. Tukaanza mchezo mdogo: kila usiku saa mbili, kila mmoja anamtumia mwenzake picha ya ukurasa wa daftari aliouandika siku hiyo. Hatukusahihishana. Ilitosha kujua kuna mtu atakayeutazama. Siku ambazo sikuwa nimeandika kitu, nilimwambia hivyo, naye akajibu, “Sawa, kesho.” Zile “sawa, kesho” zilinivusha hadi mwisho wa muhula.

Juni 6 ikatangazwa kwamba Kilifi inafunguliwa, Nairobi ikabaki imefungwa mwezi mmoja zaidi, na vitabu vyangu vikaendelea kunisubiri huko. Kufikia hapo nilikuwa sivitafuti sana.

Binamu yangu ana kipindi chake cha kwanza Jumanne saa mbili usiku, mtoto akiwa amelala, kama atalala. Nilimuuliza kama mumewe anajua saa hiyo. Akasema anajua kwamba yeye “anasoma.” Nikamwomba akate simu, aende akamwambie ni Jumanne, ni saa mbili, na kwamba mtoto akiamka ni zamu ya baba. Alinipigia tena baada ya nusu saa. Alikuwa pia ameshanitumia nambari ya mwenye duka wa hapo kwao, ya kupigia siku atakaponyamaza.