Kivuli cha milimita nane

Juzi msomaji ameniandikia saa saba usiku: "Ripoti ya eksirei inasema nina kivuli kwenye pafu. Ni kansa?" Nilitabasamu, wala si kwa dharau. Swali hilo nimelala nalo siku nne.

Nilikwenda kupigwa picha ya kifua kwa sababu ya kikohozi tu. Nikapewa bahasha, nikaifungua papo hapo mlangoni: "Kivuli cha mviringo, milimita 8, chini ya pafu la kulia." Ilikuwa Alhamisi. Daktari akasema nirudi Jumatatu, akaita mwingine. Hata usoni hakunitazama, na hilo halijanitoka mpaka leo.

Nyumbani niliibandika picha kwenye kioo cha dirisha, nikakipima kivuli kwa rula ya mwanangu. Jumapili nikamwonyesha mke wangu hati za kiwanja zinakokaa.

Jumatatu nikamkuta daktari mwingine, mama mtu mzima. Aliitazama picha, akaniuliza kama ninayo ya zamani. Sina. Akanirudisha kwenye mashine, nikabandikwa kipande kidogo cha chuma kwenye kila chuchu. Picha ya pili ilipotoka, chuma kimekaa juu ya kivuli kilekile. Chuchu yangu mwenyewe! Siku nne nimejiwekea matanga kwa ajili ya chuchu.

Tangu hapo sikubali mtu ateseke kwa ujinga niliokuwa nao. Mionzi hupenya hewa kwa urahisi, ndiyo maana mapafu huonekana meusi. Mfupa huizuia, ukatoka mweupe. Kila kilicho njiani huangukia kwenye picha moja, hata msuko wa nywele. Ukiandikiwa "moyo umetanuka", uliza ulipigwaje. Kwa kawaida moyo wa mtu mzima hauzidi nusu ya upana wa kifua, lakini ukipigwa umelala chali, au hukujaza pumzi, huonekana mkubwa kuliko ulivyo. Doa jeupe sana, gumu kama chokaa, mara nyingi ni kovu la ugonjwa uliokwisha, kama kifua kikuu cha zamani.

Sisemi upuuze. Vivuli vingine ni kansa kweli, na ukiitwa kwenye CT skani, ile mashine inayopiga picha za mwili tabaka kwa tabaka, nenda. Hata kivuli cha nimonia huweza kubaki wiki kadhaa baada ya wewe kupona, kwa hiyo ukiambiwa urudie picha, rudia, hasa kama unavuta sigara.

Ila jamani, tunzeni picha zenu! Tunatunza risiti za televisheni, picha za mapafu yetu tunafunikia ndoo. Kivuli kilichojaa, si cha ukungu-ukungu, ambacho hakijakua kwa miaka 2 kwa kawaida si kansa, na atajuaje daktari kwamba hakijakua kama hana cha kulinganisha? Tunzeni picha.

Msomaji wangu amejibu asubuhi. Anayo ya mwaka 2019, iko juu ya kabati. Nimemwambia aishushe, aipanguse vumbi, aende nayo.