Barua kwa mwanangu: kuhusu zile karata za taroti ulizoniuliza

Mwanangu mpenzi,

Meseji yako nimeisoma nikaona hii sijibu kwa voisi, naandika kabisa, manake maneno ni mengi na najua utarudia kuyasoma. Umeniambia una hela ya pakiti moja tu ya taroti, zile karata za picha ambazo wengine wanazipigia ramli, na umeona nne, ile ya Marseille, ile wanayoiita Rider-Waite, ile ya Thoth na ile ya wanyama ya Wild Unknown, unaitaka kwa ajili ya michoro, ujifunze namna mtu anavyosimulia kisa kizima kwenye kakaratasi kadogo maana vitabu vya watoto ndo kazi yako sa hivi, afu mwishoni ukaongeza kwamba shangazi yako kaziona kwenye simu yako kasema huo ni ushirikina. Naanza na la shangazi.

Karata hizi zilianza kama mchezo. Ni Italia ya kaskazini, miaka ya 1440 hivi, kwenye majumba ya wakubwa wa Milano na Ferrara, walichukua karata za kawaida wakaongeza 21 za turufu na moja ya Mpumbavu, basi, watu wanakaa wanalana karata kama wazee wanavyokaa kibarazani huko kwetu. Na hadi leo Ufaransa na Austria watu wanazicheza hivohivo, hesabu na pointi, hakuna cha kutabiri. Hayo mambo ya kutabiri yalikuja kushika kasi baadae sana, baada ya 1781, pale Mfaransa anaitwa Court de Gébelin alipoandika kwamba hizi ni hekima za siri za Misri ya kale, ushahidi hakuwa nao lakini watu wakamwamini wakaendelea nayo. Kwa hiyo mweleze shangazi taratibu, kwa adabu. Ila na yeye ana hoja yake, wapo watu wanazipigia ramli kila siku na wanalipwa, halitoki hewani anachosema, so kwake usizitandaze sebuleni, zikae na vifaa vyako vya kuchorea. Mi imani yangu unaijua, sijawahi kutafuta kesho yangu kwenye karata. Ninachozipendea ni michoro, na miaka yote niliyokaa hapa Manchester nikifanya kazi duka la vitabu nimezifungua nyingi sana kwa hiyo haya ninayokwambia nimeyaona kwa macho.

Sasa ya kununua. Usiamue kwa kava wala kwa zile karata tatu nne wanazoweka kwenye tangazo. Kila muuzaji atakuonyesha Jua, Mwezi, Shetani, Mauti, na hizo karibu kila mchoraji anazipatia manake zenyewe tu zina nguvu. Pakiti kamili ina karata 78, kubwa ni 22, yani zile turufu na Mpumbavu, na ndogo 56, na kwenye hizo ndogo 16 ni wafalme na malkia na watu wao, zinabaki 40 za namba, moja hadi kumi mara nne. Vikombe ndo kopa, sarafu ndo uru, panga ndo shupaza na fimbo ndo pau, hapo hupati shida. Mwanangu angalia hizo 40. Nenda moja kwa moja kwenye saba ya sarafu, nne ya vikombe, tano ya fimbo, karata ambazo hazina umaarufu wowote, uone mchoraji kafanya nini. Kama kachoka utajua hapo, na kama anajua kusimulia utajua hapohapo.

Ukiichukua Marseille kwa kipimo hicho, utakuta 40 zote hazina kisa. Tatu ya panga ni panga mbili zimepinda na moja katikati, na maua kidogo, basi. Kumi ya vikombe ni vikombe kumi. Siidharau hata kidogo, ile aliyotoa Nicolas Conver wa mji wa Marseille, Ufaransa, mwaka 1760 naipenda mno, mistari yake imechongwa kwenye mbao kwanza ndo ikapigwa wino, rangi chache, nyekundu, buluu, njano, nyuso ngumu zinazokutazama, na karata ya 13 haijaandikwa jina, ni mifupa tu na mundu wake mkubwa inafyeka. Kwa mtu anayetaka kujifunza mstari hakuna mwalimu mzuri kama hiyo. Lakini we umesema kisa, na kisa kiko kwenye 22 tu, zilizobaki ni kama karata za kuchezea.

Ya Rider-Waite ndo ninayotaka ununue, na nakuomba uanze kuiita kwa jina la mchoraji wake, Pamela Colman Smith. Rider alikuwa mchapishaji wa London, Waite, mwandishi wa mambo ya siri, ndo aliyeagiza kazi na kuandika kitabu cha maelezo, pakiti ikatoka 1909, na kwa miaka na miaka boksi likawa linataja hao wawili tu, huyu aliyeshika kalamu hayumo. Inaniuma kila nikiwaza. Alizaliwa London 1878, akalelewa hapahapa Manchester mpaka familia ikahamia Jamaica, akasomea uchoraji Brooklyn, na alipokaa London alikuwa anasimulia watu hadithi za Anansi buibui alizozibeba kutoka Jamaica, hata kitabu chake cha hadithi hizo kilitoka 1899 na michoro ni yake mwenyewe. Yani ni kazi yako hiyohiyo mwanangu, ngano za wanyama wajanja na picha zake. Afu alikuwa mtu wa tamthilia, alizunguka na kundi la jumba la maigizo la Lyceum la London, la kina Henry Irving na Ellen Terry, waigizaji, na hilo utaliona kwenye karata, kuna kadhaa mtu amesimama mbele, nyuma yake kuna mstari umekatiza, na baada ya mstari mandhari imekaa bapa kama pazia lililochorwa la stejini. Alikuwa anajua kumsimamisha mtu jukwaani ukaelewa hali yake kabla hajafungua mdomo.

Angalia tano ya vikombe. Mtu kajifunika joho jeusi, kainamisha kichwa, anatazama vikombe vitatu vilivyomwagika, na nyuma ya mgongo wake viwili bado vimesimama na hajaviona, na kwa mbali kuna daraja. Hapo kuna jana yake na kesho yake kwenye kipande cha karatasi cha sentimita 7 kwa 12. Angalia nane ya sarafu, fundi kakaa kwenye benchi na nyundo yake anagonga sarafu moja baada ya nyingine, zilizokwisha kazitundika. Angalia tano ya sarafu, maskini wawili kwenye theluji, mmoja na magongo, wanapita chini ya dirisha la kanisa lenye mwanga na hawaangalii juu. Na sita ya panga, hiyo kaa nayo sana, mashua inavushwa, ndani mama kajitanda na mtoto pembeni yake, wote wametupa mgongo, panga sita zimesimama mbele yao, maji ya upande huu yana mawimbi na ya kule yametulia. Sura hatuoni hata moja! Unaona alivyofanya, mgongo tu na maji ndo vinakwambia hawa watu wametoka wapi. Kwenye kile kitabu chako cha sungura kila mnyama umemgeuza atutazame, sasa tazama hapa mtu asiyetutazama anavyokuvuta.

Hakuanza kutoka hewani lakini, na hilo pia ni la kujifunza. Kuna karata za Italia za mwisho wa miaka ya 1400 zinaitwa Sola Busca, zenyewe ziko Milano kwenye jumba la sanaa la Brera, na picha zake zilifika British Museum, makumbusho ya London, mwaka 1907, miaka miwili tu kabla. Zile nazo zina watu kwenye karata za namba, na ukiweka tatu ya panga ya kule, moyo umechomwa na panga tatu, kando ya ya Pamela, hutauliza swali tena, na vilevile mtu wake aliyeinama na mzigo wa fimbo kumi, kule mzigo ni panga kumi. Alitazama, akachukua, akageuza kuwa vyake. Na malipo yake alimwandikia rafiki yake mpiga picha Alfred Stieglitz wa New York kwamba kamaliza kazi kubwa kwa hela kidogo sana. Alifariki Bude, Cornwall, 1951, na madeni juu, na karata zake zinauzwa dunia nzima.

Thoth nitaipita haraka. Ni michoro ya Lady Frieda Harris, aliichora kati ya 1938 na 1943 kwa maelekezo ya Aleister Crowley, Mwingereza aliyeandika mambo ya uchawi, na wote wawili walishafariki pakiti ilipochapishwa 1969. Rangi zake ni za ajabu, miale na maumbo yanakatana, ila karata za namba karibu zote zimeandikwa neno chini, huzuni, uharibifu, na kadhalika, yani picha inasubiri neno likusaidie, na mengi kwenye picha hayafunguki bila kusoma vitabu vya Crowley ambavyo ni vizito na sikutakii kuanza navyo. Hiyo ya wanyama ya Kim Krans, Wild Unknown, ilitoka 2012, wino mweusi na rangi kidogokidogo, nzuri mno kwa mtu anayechora wanyama, ukipata hela ya pili hiyo ndo itafuata. Ila imejaa utulivu, mambo hayatokei sana, na we sa hivi unahitaji mambo yanayotokea.

Sasa angalia toleo. Ile ya boksi la njano inayouzwa kila mahali rangi zake ni kali mno, njano inapiga kelele na mistari imenenepa, uso wa mtu mdogo unapotea. Tafuta iliyoandikwa Smith-Waite Centennial, ilitoka 2009 kwa kufuata rangi za zamani zilizotulia, na jina la Pamela lipo mbele kabisa. Hapa Uingereza haki ya michoro yenyewe iliisha mwisho wa 2021, miaka 70 baada ya kifo chake, kwa hiyo wanaoichapisha upya ni wengi na wengine wanafanya vizuri tu. Ila zile za bei ya kutupa kwenye intaneti za wachoraji walio hai, karata nyembamba, saizi imepunguzwa, ndani hamna kijitabu bali kikaratasi cha kuskani na simu, hizo ni feki, usiguse, wewe mwenyewe unaishi kwa kuchora.

Huyo rafiki yako anayetoka London mwezi ujao mwambie asinunue mpaka nimtumie picha ya boksi lenyewe, nitaipiga kesho dukani. Zikifika toa 40 za namba peke yake, kijitabu weka mbali usikisome kwanza, kila siku moja, ichore upya kwa penseli na umweke mtu wa kwetu, kanga, kanzu, mtumbwi, chochote, uone kama kisa bado kinasimama bila maandishi. Kwenye kila karata tafuta pembeni ile sahihi yake, herufi za jina zimesukwa pamoja kama nyoka. Nitumie za kwanza hata kama zimekaa vibaya, na msalimie shangazi yako.

Mama yako