Kugeuza riwaya kuwa mchezo wa mezani: mimi nilikwama kwenye sindano

Mkuu, umeuliza namna ya kuigeuza riwaya ya njozi unayoipenda iwe mchezo wa kuigiza wahusika, ule wa kukaa mezani na washikaji, mmoja anasimulia na wengine kila mtu ana mhusika wake. Umesema umeshaandika kurasa 40 za matukio, sura kwa sura kama kitabu kilivyo. Nakuomba uziweke pembeni kwanza. Za kwangu zilikuwa 30 na ushee, na zilikufa usiku wa kwanza.

Tulikuwa watano kibarazani, umeme umekatika. Dadu ya pande 20 hatukuwa nayo, tukaandika namba 1 mpaka 20 kwenye vizibo vya soda, tukavitia kwenye soksi (safi, msianze). Nilichagua riwaya ambayo wawili kati yetu walikuwa wameshaisoma. Humo kuna rafiki wa safari ambaye baadaye anawasaliti wenzake. Basi wale waliosoma wakamkataa tangu mlangoni: hapewi maji, halali karibu na mizigo. Wasiosoma wakabaki wanashangaa mzee wa watu kakosa nini. Kila nilipojaribu kuwarudisha kwenye njia ya kitabu walizidi kunyamaza, mpaka mmoja akaniuliza, "Kaka, sisi tunacheza au unatusomea?"

Lile swali liliniuma kwa sababu lilikuwa la haki. Anayesoma riwaya anangoja aone mhusika ataamua nini. Anayecheza ndiye mwenye kuamua. Mimi niliwaletea maamuzi yaliyokwisha kufanywa na mtu mwingine.

Hata wakubwa wamejikwaa hapo. Mwaka 1984 kampuni ya TSR, wenye mchezo maarufu wa Dungeons & Dragons, walitoa Dragonlance: riwaya na vitabu vya mchezo mwaka uleule, wahusika walewale huku na kule. Ili hadithi isiwavunjikie wakaweka kanuni kwamba mhusika muhimu akiuawa, kifo chake kiwe cha utata, maiti isionekane, apate njia ya kurudi baadaye. Yaani mnamwangusha adui korongoni, mnashangilia, siku nyingine huyo hapo anabisha hodi. Najua Dragonlance ina wapenzi wake na sigombani nao, ila hiyo kanuni ni ya mtu anayelinda riwaya yake dhidi ya wachezaji.

Mwaka huohuo kampuni ya Iron Crown walitoa mchezo wa dunia ya Tolkien, mwandishi wa The Lord of the Rings, wakafanya akili zaidi: vitabu vyao vingi wakavirudisha nyuma zaidi ya miaka 1,000 kabla ya safari ya Frodo, shujaa wa riwaya hiyo. Milima ni ileile, mito ileile, ila hakuna mezani anayejua nani atafika kesho.

Waliocheza The Witcher kwenye kompyuta wameona upande wa pili wa akili hiyohiyo. Mchezo huo umetoka kwenye riwaya za Andrzej Sapkowski, mwandishi wa Poland, aliyemaliza mfululizo wake mkuu mwaka 1999. Watengenezaji wa mchezo, CD Projekt Red, walipotoa wa kwanza, 2007, hawakurudia vitabu, walianzia baada ya mwisho wake, tena wakamfanya shujaa wake, Geralt, apoteze kumbukumbu. Wengine huona kupoteza kumbukumbu ni ujanja wa kizamani. Mimi nauheshimu, maana aliyesoma vitabu vyote na asiyesoma hata kimoja wanaanza sawa, na shujaa mwenyewe anaanza sawa nao.

Kutoka vitabuni walichukua kitu kingine kabisa: lile swali la Sapkowski la kuchagua kati ya ubaya mkubwa na ubaya mdogo. Kwenye mchezo wa tatu, wa 2015, kuna roho iliyofungwa chini ya mti kule Velen (ambaye hajacheza aruke aya hii). Ukiifungua, watoto yatima wa kinamasini wanaokoka, lakini kijiji kizima kinateketea, mke wa baroni analaaniwa na kufa, na baroni mwenyewe anajinyonga. Ukiiua, mke anabaki hai akiwa amerukwa na akili, na watoto wale hawaonekani tena. Uzuri ni kwamba matokeo hayaji papo hapo. Unazunguka, unafanya kazi nyingine, ndipo unakutana nayo. Mimi yalinikuta saa nane usiku na kesho yake kazini. Hakuna sura ya kitabu iliyonakiliwa hapo, na bado ukimaliza unajua umetoka kwa Sapkowski.

Sasa nirudi kwangu. Baada ya ile aibu niliona nichukue kitu cha nyumbani: Fumo Liyongo, kwa kufuata utenzi wa Muhamadi Kijumwa wa Lamu, wa 1913. Nikaanzia gerezani. Liyongo kafungwa, walinzi wanakula kila kizuri anacholetewa, na ninyi ni watu wa mama yake: ifikisheni tupa ndani, akate minyororo. Sikuwapa mkate wa wishwa, ambao kwenye utenzi ndimo tupa ilimofichwa. Niliwapa walinzi wenye njaa, ngoma ya gungu inayokaribia, na usiku mmoja. Mmoja alikuwa anaukumbuka ule mkate, lakini wenzake walitaka tupa ipite ndani ya ngoma, wakabishana nusu saa nzima na mimi sina la kufanya ila kumimina chai. Ulikuwa usiku bora kuliko wote niliowahi kuendesha.

Wiki iliyofuata nikakwama. Kila mtu mezani anajua kwamba Liyongo hadhuriki ila kwa sindano ya shaba kitovuni, na kwamba mwanawe atarubuniwa aichome. Mtoto wa watu hata salamu haitikiwi! Mchezaji mmoja akajitangaza mlinzi wa kitovu. Tulicheka mpaka jirani akagonga ukuta, lakini mchezo ulikuwa umeisha. Msaliti wangu wa kibarazani alikuwa amerudi, safari hii kavaa kanzu.

Nikakaa na utenzi upya, nikitafuta mahali ambapo mshairi anapita haraka. Nikapapata mwishoni. Liyongo akishachomwa anatoka na upinde wake mpaka kisimani, anapiga goti, anavuta mshale, anakata roho akiwa vilevile. Watu wanamwona kwa mbali, wanadhani yu hai, hakuna anayethubutu kwenda kuteka maji. Mji mzima na kiu, kwa kumwogopa mtu aliyekwisha kufa. Kijumwa ana mashujaa wa kushughulika nao, lakini mle ndani kuna wachota maji, wajawazito, wenye mbuzi, na wazee wanaotuma watoto wa wenzao.

Kwa hiyo, zile kurasa zako 40: chomoa majina ya mahali, viapo, vyakula, bei, nani anamwogopa nani. Matukio yaache. Kisha tafuta kisima cha kitabu chako, mahali ambapo watu wadogo wamebaki na shida ambayo mwandishi hakuwa na muda nayo.

Sisi tulianza hapo. Nikawaambia, "Utenzi mnaujua, ila watu wenu hawajausikia, na mimi sijaahidi kuufuata." Kile walichokijua kikageuka shaka. Mmoja akataka kurusha jiwe, mwenzake akamshika mkono. Wakaleta mwimbaji wa gungu waone kama yule mtu atatikisika. Upepo ukapeperusha nguo yake (hilo nililitia mimi, nakiri), wakakimbia wote. Mwenye minazi akaanza kuuza madafu kwa bei ya kukufuru, ikawa kesi nyingine tena. Usiku wa tatu wakakata shauri kuchimba kisima kipya upande wa pili wa mji. Mpaka leo hakuna aliyesogea karibu kumtazama.