Redio na msumeno wa umeme

SWALI: Mi fundi seremala, kazi nafanyia uani nyumbani, redio haizimwi, ila nikiwasha msumeno wa umeme siskii kitu, so navaa hedifoni naweka sauti mwisho kabisa. Kuna shida?

JIBU: Ipo kaka, tena kubwa. Kelele ya desibeli 85 sikio linavumilia masaa 8, kila ikipanda desibeli 3 muda unakatika nusu, sasa msumeno unaweza kugonga 100, hapo una dakika 15 tu, halafu we unaongezea na muziki juu yake! Vaa vizuia kelele, redio zima kwanza, na mlio wa mashine ukibadilika utaskia mapema. Waya wa hedifoni karibu na blade ndo sitaki hata kuuona. Ukifika kwenye msasa wa mkono na vanishi, fungulia taarabu yako, mi hapo ndo naskizaga mpira.