Vidole vya muhogo na macho ya kunde: sherehe ya kutisha bila oveni

Juzi msomaji mmoja, mama wa watoto watatu, ameniandikia: "Mama, watoto wangu wanataka sherehe ya Halloween kama wanavyoiona kwenye simu. Sina oveni, na mama mkwe wangu ni mtu wa maombi. Nifanye nini?" Halloween ni ile sherehe ya ng'ambo ya usiku wa tarehe 31 Oktoba, watoto wanavaa na kula vitu vya kutisha. Nilikuwa nimesimama dukani nikingoja mkate, nikausoma ujumbe huo mara mbili. Maswali yale yale mawili ndiyo yaliyoniliza mimi mwaka juzi, hapa hapa Lubumbashi, Kongo.

Mwaka juzi nilifuata kila kitu kama nilivyokiona kwenye picha za ng'ambo. Nilitaka zile soseji zinazoviringishwa kwa utepe wa unga mpaka zinafanana na maiti iliyofungwa sanda, na vitone viwili vya haradali kuwa macho. Nilinunua soseji, unga wa ngano na siagi, nikatengeneza 24. Saa tisa alasiri, sahani ya kwanza ikiwa ndiyo kwanza imeingia kwenye oveni, umeme ukakatika. Wageni walikuwa wanakuja saa kumi na moja. Nikawasha mbabula, jiko letu la makaa, mbio mbio, nikafunika sufuria kwa bati, nikapanga makaa juu ya bati. Utepe wa juu ukaungua, wa chini ukabaki mbichi, unanata kwenye meno. Watoto waliuma mara moja tu wakarudisha sahanini. Mtoto wa jirani alikuwa anajifuta ulimi kwa upindo wa shati lake.

Hilo ningelisahau. Nisilolisahau ni wifi yangu mkubwa, ambaye nyumbani sote tunamwita Yaya. Alisimama mbele ya meza, akatazama sahani ile, akasema sebule nzima isikie: "Unaleta buloji mu nyumba ya ndugu yangu?" Buloji ni uchawi. Sikumjibu. Niliingia jikoni nikaosha sufuria iliyokuwa safi tayari. Neno lile bado linaniuma, na sioni sababu ya kulificha.

Lakini lilinifanya nifikiri, na mwaka jana nilipika kwa akili nyingine kabisa.

Jambo la kwanza nililoligundua ni kwamba hofu ina kwao. Kule ng'ambo wanatengeneza minyoo ya tambi na wadudu wa karoti ili watoto wapige kelele. Mwaka juzi nami niliweka bakuli la vinkubala, viwavi vyetu, vya kukaanga katikati ya meza, nikidhani vitatisha. Vitamtisha nani? Mtoto wa hapa Katanga amekula vinkubala tangu alipoota meno mawili. Walivimaliza wakauliza bukari, ugali wetu, iko wapi. Kwetu mdudu ni mboga. Kinachomshtua mtoto wa hapa ni kiungo cha mtu mahali pasipo pake: kidole, jicho, ulimi. Nikaanzia hapo.

Vidole nilivitengeneza kwa muhogo, ule mtamu tunaoutafuna mbichi na karanga, si ule mchungu unaohitaji kulowekwa. Menya, kata vipande virefu kama kidole chako cha kati, chemsha kwenye maji ya chumvi mpaka uma uingie bila kuupasua muhogo. Toa ule uzi mgumu wa katikati. Kwa mgongo wa kisu chora mistari mitatu pale kidole kinapokunjika, kisha kaanga kwenye mafuta ya moto mpaka ngozi iwe ya manjano na kukauka. Kucha ni nusu ya karanga. Majaribio ya kwanza niliibandika karanga kabla ya kukaanga, zote zikabaki chini ya kikaango. Sasa naibandika mwishoni, kwa tone la nyanya nzito ya kopo. Ukiikandamiza karanga, nyanya inatoka pembeni nyekundu, inazunguka kucha kama damu iliyoganda. Mwanangu wa miaka 6 aliposhika cha kwanza alikigeuza pande zote, akakichunguza kucha, akakunja kidole chake mwenyewe kuona kama bado kipo. Ndipo akauma. Dakika 5 baadaye alikuwa mlangoni mwa jikoni: "Mama, bingine biko wapi?"

Mayai ni rahisi zaidi. Chemsha dakika 10, yatie maji baridi, halafu yagonge taratibu kwa kijiko ganda lipasuke kila upande bila kumenyeka. Yaloweke usiku kucha kwenye friji (umeme usipokuwepo, usiyaloweke), ndani ya chai nyeusi nzito iliyopoa yenye chumvi. Asubuhi ukiyamenya utakuta utando wa buibui umejichora mwenyewe. Ukitaka utando mwekundu tumia maji ya bitiruti. Na usitumie mayai ya jana, ganda lake linang'ang'ania. Ya wiki moja yanamenyeka vizuri.

Kwa macho, kata yai nusu, ponda kiini na chumvi na pilipili kidogo, kirudishe, kisha panda katikati kunde moja iliyochemshwa, zile nyeupe zenye doa jeusi. Zeituni za kopo ni ghali, na kunde imezaliwa na jicho lake tayari. Ukichemsha yai kupita kiasi, kiini kinavaa ukingo wa kijani kibichi. Ni salfa ya ute na chuma cha kiini vimekutana kwenye moto, haina madhara, na kwa meza hii ukingo huo unapendeza. Ila Oktoba yetu ni ya joto kali. Mayai yasikae mezani zaidi ya saa 2, na siku joto likifika nyuzi 32, saa 1 tu. Yatoe kidogo kidogo.

Boga nalo liache. Mwaka juzi nilizunguka soko la Kenya, mtaa wa hapa hapa Lubumbashi, asubuhi nzima nikitafuta boga la kuchonga, nikarudi na vumbi tu. Waselti, watu wa kale wa Ireland, ambako sherehe hii inatoka, walikuwa wakiadhimisha mwisho wa mavuno na kuingia kwa baridi. Waairishi walichonga sura kwenye tanipu, mzizi wa mviringo kama bitiruti, na walipohamia Marekani kwa wingi katika karne ya 19 wakakuta maboga. Kule Oktoba boga linavunwa. Huku Oktoba jakaranda zimechanua na mkulima bado anangoja mvua ndipo apande hilo boga. Mimi huchonga papai bichi. Likate juu, kwangua mbegu, toboa macho na meno, acha utomvu udondoke, lioshe, weka mshumaa mfupi ndani. Kichwa cha papai ni kirefu na chembamba, na gizani kinatisha kuliko boga lolote.

Sasa nije kwa mama mkwe, kwa sababu hapo ndipo penye uzito. Halloween tangu zamani ni usiku unaohusishwa na wafu, na sisi hatukufundishwa na mtu kuwakumbuka wafu. Kila tarehe 1 Agosti, siku ya wazazi, asubuhi tuko makaburini tunafyeka majani na kusafisha, mchana tunakula na wazazi walio hai. Mwambie hivyo, kwa heshima, kabla ya sherehe, si mbele ya wageni. Mimi nilinyamaza mwaka juzi, na nilikosea.

Lakini na Yaya hakukosea yote. Katika nchi hii neno mchawi si mchezo. Kuna watoto wanaolala nje kwa sababu mtu mzima aliwaita hivyo. Katiba yetu ya 2006, kifungu cha 41, inakataza kumshutumu mtoto uchawi, na sheria ya tarehe 10 Januari 2009 ya ulinzi wa mtoto inaliadhibu kosa hilo. Kwa hiyo nakuomba, mama mwenzangu: usimvike mtoto kofia ya mchawi, usimpake uso ukamwita hivyo hata kwa kucheka. Jirani anasikia. Mtoto mwenzake anasikia na atalirudia shuleni. Acha chakula kitishe, mtoto abaki mtoto. Nyumbani kwangu tunasema vidole vya jitu, macho ya mamba, utando wa buibui. Hakuna jina ambalo mtoto anaweza kwenda nalo kitandani.

Mwaka jana Yaya hakuja. Nilimtumia sahani ya vidole, imefunikwa kitambaa, mwanangu akaipeleka. Sahani haijarudi.

Wewe uliyeniandikia: kwa watoto 12, nunua kilo 3 za muhogo, mayai 15, kikombe cha kunde, kikombe cha karanga na papai 1. Mayai yaloweke tarehe 30 jioni. Muhogo uchemshe tarehe 31 asubuhi, na kukaanga usianze mpaka umsikie mgeni wa kwanza akibisha hodi, maana muhogo uliopoa unakuwa mgumu. Mbabula moja inatosha. Na mpe mama mkwe wako kazi ya kubandika kucha.