Sporani ya singa za farasi: nilivyoitengeneza mezani kwangu

Dada uliyeuliza kutoka Aberdeen, nimekusoma. Mwanao ameingia bendi ya zumari, siku za sherehe wanavaa sporani ndefu ya manyoya, bei ya dukani imekutisha, na unataka kujua kama mtu asiyewahi kushona ngozi anaweza kujitengenezea nyumbani. Anaweza. Mimi nimetengeneza mbili hapa Glasgow. Ya kwanza iliharibika, ya pili mume wangu anaivaa mwaka wa nne sasa.

Kwa wengine mnaopita: sporani ni mkoba unaoning'inia mbele ya kilti, ile sketi ya wanaume wa Uskoti, maana kilti haina mifuko. Kwa Kigaeli neno lenyewe maana yake ni mkoba wa fedha. Za kila siku ni za ngozi tupu. Hii yenye manyoya marefu ilitukuzwa na vikosi vya jeshi vya Highlands, nyanda za juu za Uskoti, zamani kwa manyoya ya mbuzi, baadaye kwa singa za farasi, na wapiga zumari wameirithi huko. Ndiyo maana rangi na vishada, yaani mafungu ya singa yanayoning'inia mbele yake, si vya kuchagua ovyo. Kikosi cha Black Watch walivaa singa nyeupe na vishada vitano vyeusi. Kikosi cha Seaforth nyeupe na viwili virefu vyeusi. Kwa hiyo kabla hujanunua hata uzi, nenda kwa mkuu wa wapiga zumari umwulize bendi yao inavaa nini hasa. Bendi nyingi utakazoziona kwenye bustani ya Glasgow Green kila Agosti kwenye mashindano ya dunia zinavaa ya ngozi ya kawaida, na itakuwa uchungu mtoto akisimama mstarini peke yake na singa.

Jambo jingine, usikubali mtu akuuzie ngozi kuukuu ya mnyama wa porini eti ndiyo asili. Mwaka 2007 kanuni za Uskoti zilibanwa kiasi kwamba mwenye sporani ya mnyama anayelindwa, fisi maji kwa mfano, alitakiwa kuwa na kibali. Singa za mkia wa farasi hazina matatizo hayo.

Sasa hizo singa. Hapa soma taratibu dada yangu, maana kazi yote ipo hapa. Ngozi utaizoea kwa siku mbili tatu.

Mimi ni msusi, nilianza Tanga kabla ya kuja huku, na bado nilikosea. Nilinunua singa za bei nafuu zilizotupwa kwenye mfuko, mashina na ncha vimechanganyika. Unywele una magamba madogo sana yanayolala kuelekea nchani. Ukilaza mmoja hivi na mwingine vile, magamba yanakamatana na nywele zinajifunga fundo. Kila aliyewahi kumshonea mteja nywele za ovyo anajua zinavyogeuka utambi baada ya kuoshwa mara mbili. Nilidhani singa kwa unene wake zitavumilia. Hazikuvumilia, nilipoziosha zikajisokota, nikakata karibu nusu nikatupa. Nunua zilizofungwa upande wa shina, urefu wa sentimita 70 hivi, kwa wale wanaowauzia mafundi wa nyuta za fidla. Ni ghali zaidi, lakini gramu 300 zilinitosha sporani nzima na vishada vyake. Na fungo hilo usilifungue mpaka unapoanza kusuka. Osha kwa maji ya uvuguvugu na shampuu laini, bila kufikicha, chana kuanzia nchani ukipanda. Zile nyeupe zikiwa na umanjano, ile shampuu ya zambarau ya wenye mvi inasaidia.

Kosa langu la pili lilikuwa gundi. Sporani ya kwanza nilibandika singa kwa gundi ya viatu, ikapendeza sana siku ile. Baada ya mvua za hapa, gundi ilikauka ikawa kama ganda, na singa zikaanza kutoka kwa mafungu mume wangu akiwa katikati ya gwaride. Singa hushonwa.

Njia iliyonifaa ni ileile ya kutengeneza safu za nywele za kushonea. Funga vijiti viwili imara kwenye ncha mbili za meza, uvute kati yake nyuzi tatu za kitani zilizopakwa nta, zikaze kabisa. Chukua singa kama 15, zilowanishe kidogo upande wa shina, zipitishe juu na chini ya nyuzi tatu, zizungushe uzi wa juu, zirudi zikisukwa hadi chini. Mkia mfupi wa shina ubaki kama sentimita 3. Sukuma lile fungu libanane na lililotangulia, kisha lifuate jingine. Singa ni ngumu na zinateleza kuliko nywele za binadamu, kwa hiyo saa ya kwanza vidole vitauma na utaona hakuna kinachokwenda. Endelea. Mimi ilinichukua jioni tisa kupata safu saba, kila moja sentimita 18.

Ubao wa nyuma ni ngozi ngumu iliyosindikwa kwa magome ya miti, unene wa milimita 2 na nusu. Nilikata umbo la ngao, upana sentimita 19, urefu 24. Toboa matundu kwanza kwa msharasi, milimita 4 toka tundu hadi tundu, halafu ndipo ushone kwa sindano mbili kwenye uzi mmoja, zikipishana katika kila tundu. Uzi ukikatika mahali, mshono haufumuki.

Safu anza chini. Babu yangu Pangani alipoezeka makuti alianzia ukingoni akapanda kuelekea kileleni, kila kuti likifunika kamba za lililo chini yake. Hapa ni vivyo hivyo. Safu ya chini kabisa ishone kwanza, ya pili sentimita 2 juu yake, mpaka ufike juu. Kila ukimaliza safu, zifunge singa zake kwa kitambaa zisikuingilie kwenye mshono unaofuata. Ncha utazikata mwisho kabisa, sporani ikiwa inaning'inia, si ikiwa imelala mezani.

Kifuko chenyewe ni kidogo, kinashonwa nyuma ya ubao, na mdomo wake hufunguliwa upande wa mwilini. Tumia ngozi laini ya milimita moja. Kile kichwa cha madini chenye umbo la nusu mwezi nakushauri ununue; nilijaribu kukunja shaba mwenyewe nikapoteza wiki mbili bure. Sporani nyingine zina kichwa cha ngozi nyeusi inayong'aa, na kwa mtoto kinatosha.

Vishada ni fungu la singa lililofungwa kwa uzi juu, likaingizwa kwenye kikombe cha madini chenye umbo la pia na kushikiliwa humo kwa epoksi. Hapo tu ndipo gundi inaruhusiwa. Vining'inize kwa kamba ya ngozi viweze kucheza mtoto anapotembea, maana mchezo ule ndio uzuri wa sporani ya singa kwenye gwaride. Kiunoni ishikwe kwa mnyororo, na sporani ikae upana wa kiganja chini ya bizimu ya mkanda.

Ikilowa, itundike ikauke yenyewe mbali na hita, uichane ikishakauka. Nyumbani iwe imening'inia ndani ya mfuko wa kitambaa wenye vipande vya mwerezi, kwa kuwa nondo wanakula singa kama wanavyokula sweta.

Ukimaliza kusuka safu ya kwanza, weka picha hapa kabla hujaipeleka kwenye ngozi. Nitaangalia kama mashina yamebana vya kutosha.