Mama kasema "nzuri sana mwanangu", mbona apu haitumii?

SWALI: Dada shikamoo. Mimi kijana wa Mwanza, nilisoma grafiksi, miezi minane sasa niko kwenye kakampuni kadogo tunatengeneza apu ya kina mama wa sokoni waandike madeni ya wateja. Nachora skrini kwenye Figma (programu ya kuchorea apu), zinatoka kali kweli. Nilimwambia bosi twende kwanza tukakae na watumiaji, akasema utafiti ni mambo ya makampuni makubwa, sisi bajeti hatuna. Nikaenda kivyangu Jumamosi moja nikawaonyesha kina mama kumi, wote wakasema nzuri sana. Apu imetoka, hawaitumii, wamerudi kwenye daftari. Nimekosea wapi? Na hii kazi ya UX (kupanga apu iwe rahisi kwa mtumiaji) huku kwetu ipo kweli au nirudi kwenye mabango na kadi za harusi? – Mchoraji, Mwanza

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Kosa umelitaja mwenyewe, "nikawaonyesha". Umefika na simu yako mkononi, kijana mstaarabu, shikamoo mama, hii apu nimetengeneza mimi unaionaje, sasa mama wa watu akwambie mbaya? Sisi tumelelewa ukikaribishwa chakula hata chumvi ikizidi unasema kitamu. Kwaiyo usiulize "unaionaje" tena. Mpe kazi, kwenye simu yake sio yako, mwambie mama, mteja wako kalipa elfu tano kwenye deni lake, hebu iandike humo. Alafu nyamaza. Hapo kwenye kunyamaza ndo wengi tunafeli, kidole kinakuwasha umwonyeshe pa kubonyeza.

Mi niliwahi kukaa na mama mmoja muuza mchele Mabibo, tulikuwa na apu ya kuagiza mzigo. Kaenda vizuri mpaka mwisho, kitufe kimeandikwa "Wasilisha", kidole kikabaki hewani. Nikamuuliza mama unawaza nini, akasema "kuwasilisha si mpaka kuwe na kikao?" akacheka, alafu akawa siriasi, "au hela ndo inakatwa hapa?" Na sisi ofisini tulishabishana siku mbili nzima kuhusu RANGI ya hicho kitufe. Baadaye tukabadilisha ikawa "Tuma oda" na chini yake "hela haikatwi sasa hivi". Ila siku ile, kabla hata hajabonyeza akaja mteja wa kilo mbili, mama akainuka kupima, kurudi apu imeshamtoa anaambiwa aweke nywila upya. Akaiweka simu chini akachukua daftari. Daftari halimtoi mtu.

Kuhusu bajeti, mwambie bosi hivi: Jakob Nielsen, mmoja wa wakongwe wa hii fani, aliandika mwaka 2000 kwamba ukikaa na watu 5 tu unaona karibu asilimia 85 ya matatizo, mradi wawe watu wa aina moja, na ni bora uende na watano, urekebishe, urudi na watano wengine kuliko kwenda na kumi na tano kwa mpigo. Gharama yake ni nauli ya daladala, vocha kidogo ya kumshukuru mama kwa muda wake, na kwa kweli utanunua na dagaa maana huwezi kukaa kwenye meza ya mtu saa nzima uondoke mikono mitupu. Akiendelea kubisha mpe ya M-Pesa. Majaribio yake Kenya yalianza 2005 yakilenga watu warudishe mikopo midogo kwa simu, waliokuwa wanafuatilia wakaona watu wanaitumia kwa mambo mengine kabisa, wanatumiana hela wenyewe kwa wenyewe, ndo maana ilipozinduliwa rasmi Machi 2007 ikatangazwa kama njia ya kutuma pesa nyumbani. Hayo hayakuonekana kwenye mchoro.

Kazi ipo, ila usitegemee tangazo limeandikwa "mtafiti". Mabenki, kampuni za simu na vikampuni vya Dar na Nairobi wanachukua mtu mmoja achore, atafiti, aandike na maneno ya vitufe. Kwenye potifolio (mkusanyo wa kazi zako unaowaonyesha waajiri) usijaze skrini kali, hizo kila mtu anazo, weka hiyo stori ya apu yako ilivyofeli, ulienda ukaona nini na ukabadilisha nini. Kadi za harusi usiache kwanza, kodi ya nyumba haisubiri.

Na ripoti ya kurasa ishirini usimwandikie bosi. Omba ruhusa kwa mama mmoja (madeni ya wateja wake yasionekane, ni siri za watu), rekodi dakika mbili akiwa anahangaika, mwekee bosi aangalie, na wewe ukae kimya hapo pia. Alafu niandikie walikwama wapi, nami nahisi ni kwenye nywila.